Mliokuwa mnamsifia yule bwana wa paka, njooni hapa mnifulie shuka

Kitasa Kibovu

Wakuu sina salamu. Salamu nitazitoa nikishalala.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule yule anayegawa paka "kwa upendo", anayetuamsha kila asubuhi na maneno kwamba mnyama ni baraka. Simtaji, maana nikimtaja uzi utafutwa, na mimi nataka ukae hapa mpaka wajukuu zangu wausome.

Jumamosi kanikabidhi kitoto cha paka, amemviringisha kwenye taulo kama mtu anayetoka wodi ya wazazi. Nikauliza umri. "Miezi miwili na nusu." Anakula nini? "Maziwa. Paka ni maziwa, unauliza nini tena?" Minyoo je? Akacheka. "Huyu ni mzima kuliko wewe." Nikarudi nyumbani nimefurahi kama mjinga, njiani nikampa jina Waziri, kwa sababu alikuwa amekaa tu anatukodolea macho, kazi hafanyi.

Jumapili mchana Waziri akaanza kazi.

Ndugu zangu, mwili wake wote unaenea kwenye kiganja. Nimempima kwenye mzani wa jikoni, gramu 540, na hapo alikuwa ameshika ukingo wa mzani kwa kucha. Sasa mwenye hesabu anisaidie: gramu 540 zinatoaje ndoo mbili? Kaharisha kwenye zulia. Kaharisha nyuma ya friji, mahali ambapo hata mende huwa wanafikiria mara mbili. Nimemwekea beseni la mchanga, akaingia, akafukua kwa heshima zote, akanusa, akatoka, akaharisha pembeni ya beseni. Rangi ya haradali. Harufu siielezi. Jirani kaja kugonga mlango kwa upole kuuliza kama ndani tuko wote hai.

Yote hayo nilisamehe. Sikieni sasa.

Usiku wa kuamkia leo, saa nane, nimelala. Waziri kapanda kifuani. Nikasema moyoni, ah, mtoto kanizoea. Akazunguka mara mbili. Akainua mkia. Wakuu, KIFUANI. Nimeamka, nimepiga picha kwa mkono unaotetemeka, nimemtumia yule bwana. Sikutukana. Niliandika kwa adabu: "Ndugu, mtoto anaharisha tangu juzi, nifanyeje?" Akasoma. Anaandika. Kaacha. Anaandika tena. Halafu ikaingia:

"Kwangu alikuwa mzima. Paka hufuata tumbo la mwenye nyumba."

Na vikatuni vitatu vya kucheka.

Paka. Hufuata. Tumbo. La mwenye nyumba. Mtu ana uchafu mpaka kwenye kidevu, saa nane za usiku, wewe unamtungia methali! Angesema "pole" tu ningelala. Herufi nne! Vikatuni vitatu je, viliwekwa vya nini? Kimoja hakikutosha?

Nimefua shuka mpaka alfajiri nikisema peke yangu.

Bundi Mstaafu

Sina mbavu. Waziri katoa hotuba kifuani.

Pilipili Kichaa

Mkuu tuanze na la msingi. Tumbo lako likoje siku hizi?

Kitasa Kibovu

Tumbo langu ni zima! Nilijua tu mtaanza.

Pilipili Kichaa

Hatuhukumu. Tunauliza kitaalamu.

Mama Vikuku

Afadhali wewe umepewa kuhara. Mimi bwana huyo huyo alinipa "dume, nimekagua mwenyewe". Nikamwita Kamanda. Kamanda kazaa watoto wanne ndani ya kabati langu la nguo, juu ya gauni la harusi ya mdogo wangu. Nilipompigia akasema "hongera".

Bundi Mstaafu

HONGERA. Huyu mtu ana kipaji.

Kitasa Kibovu

Mama Vikuku pole, ila hapa tunazungumzia tumbo.

Sindano Butu

Mtoa mada, hasira weka pembeni dakika moja. Gramu 540 siyo miezi miwili na nusu hata kidogo. Kitoto cha paka huongezeka kama gramu 100 kwa wiki. Wa wiki nane huwa na gramu 800 hadi 900 hivi. Wako, kama hajakonda sana, ana wiki tano. Mwangalie macho: yakiwa bado ya bluu, huyo hata kunyonya alikuwa hajamaliza. Kuachishwa kunaanza karibu wiki ya nne, na si vizuri kumtoa kwa mama yake kabla ya wiki nane.

Na maziwa ya ng'ombe acha leo. Paka anavyoachishwa, utumbo wake unapunguza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa. Ile sukari inashuka bila kusagwa, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, na wewe unaletewa bili kifuani. Kuna maziwa ya unga ya vitoto vya paka, ndiyo hayo. Halafu sema ukweli, zaidi ya maziwa umempa nini?

Kitasa Kibovu

Macho ni ya bluu. Mimi nilidhani ni mzuri tu.

Jumapili maziwa. Jioni nikaona anaharisha nikampa jodari wa kopo. Jumatatu asubuhi punje kavu za paka wakubwa, akazilamba akaziacha. Mchana ini la kuchemsha. Usiku mtindi, maana kuna mtu aliniambia mtindi unashika tumbo.

Bundi Mstaafu

Hiyo siyo lishe, hiyo ni harusi.

Pilipili Kichaa

Vyakula vitano kwa siku mbili halafu unamlaumu bwana wa watu. Tumbo la mwenye nyumba hili hapa.

Kitasa Kibovu

Alianza kuharisha KABLA ya jodari! Na huyo bwana hakuniuliza nimempa nini. Angeuliza ningejibu. Yeye katunga methali. Vikatuni vitatu!

Sindano Butu

Chagua chakula kimoja, cha vitoto, kilaini, ukilainishe zaidi kwa maji ya vuguvugu. Kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, tumbo lake ni dogo. Ukija kubadilisha, changanya kipya na cha zamani polepole kwa siku 7 hadi 10. Na usimnyime chakula eti tumbo lipumzike, kitoto cha umri huo hakina akiba, ataishiwa nguvu.

Jiwe la Kusagia

Mnazunguka sana. Chukua kidonge cha maumivu cha watu, kata robo, saga, mpe na maji. Bibi yangu alifuga paka miaka yote.

Sindano Butu

USIMPE. Paracetamol ni sumu kwa paka. Ini lake halina njia ya kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba oksijeni, anakufa. Kipande tu kinatosha. Na za kuzuia kuharisha za watu pia usiguse bila daktari.

Mama Vikuku

Jiwe, paka wa bibi yako waliishi miaka mingapi?

Jiwe la Kusagia

Sikuwahesabu. Walikuwa wanabadilika.

Bundi Mstaafu

"Walikuwa wanabadilika." Naomba nipumzike.

Sindano Butu

Ukimaliza kucheka na wewe mtoa mada: mfinye ngozi ya mabegani uachie, ikichelewa kurudi maji yamemwishia. Mguse ufizi, uwe umelowa, usinate. Akitapika, akitoa damu, au akilala tu hataki kula, usisubiri hata kesho, kuna kirusi kinachomaliza vitoto visivyochanjwa, na kinaanza hivyo hivyo. Na hata akiwa mchangamfu, mpeleke leo kwa daktari wa wanyama na kinyesi kibichi kwenye kichupa. Minyoo wanapewa na mama zao kupitia maziwa, kwa hiyo "mzima kuliko wewe" haina maana. Vipo vimelea vingine havionekani bila darubini, na dawa ya kawaida ya minyoo haivigusi.

Kitasa Kibovu

Ngozi imerudi haraka. Ufizi umelowa. Kaning'ata.

Pilipili Kichaa

Kafuata meno ya mwenye nyumba.

Kitasa Kibovu

Pilipili nitakutafuta.

Ukuta wa Jirani

Samahani kuingilia, lakini nyie wa paka mna afadhali. Mimi nilipewa mbwa, "mtulivu, hata kubweka hajui". Ni kweli habweki. Anakula viatu. Kimya kimya. Tangu mwezi uliopita amekula vinane, na hajawahi kula jozi.

Mama Vikuku

Unamaanisha nini hajawahi kula jozi?

Ukuta wa Jirani

Anakula kimoja tu. Kingine anakiacha safi, amekilaza pembeni, kama ananiambia chukua chako.

Bundi Mstaafu

Huyo ana roho mbaya kuliko Waziri.

Kitasa Kibovu

Nimerudi kwa daktari. Sindano Butu, nakuvulia kofia. Wiki tano, labda tano na nusu. Daktari kahesabu meno. Kinyesi nilikipeleka kwenye kichupa cha kahawa, mtu wa mapokezi akanishukuru kwa "zawadi". Mayai ya minyoo yamejaa. Kapewa dawa ya maji, kipimo kwa uzito, tunarudia baada ya wiki mbili, na chanjo tutaanza akitimiza wiki nane. Jioni hii minyoo miwili imetoka yenyewe, mirefu, myeupe, imejikunja kama tambi. Nimeipiga picha nikamtumia yule bwana nikaandika: "Hizi nazo zimefuata tumbo langu?"

Kasoma. Hajajibu.

Kinachoniuma, nilipomsimulia daktari lile neno, daktari kacheka. Kainamia meza kabisa, kajifanya anatafuta kalamu. Mpaka daktari!

Pilipili Kichaa

Kwa sababu ni neno zuri mkuu, tuwe wakweli. Mimi nimeshamtumia shemeji yangu.

Jiwe la Kusagia

Ukuta, hivyo viatu ungepaka pilipili.

Ukuta wa Jirani

Nilipaka. Alikula kwa kasi zaidi, kisha akaenda kunywa maji yote.

Mama Vikuku

Anayetaka paka, ninao watatu wa Kamanda. Wamechanjwa, wana wiki kumi za kweli, nimezihesabu mwenyewe kutoka kabatini. Wa nne simtoi, ana sura ya baba yangu.

Bundi Mstaafu

Mama Vikuku unamgawa kwa sharti gani? Mimi nina nafasi ya mmoja.

Mama Vikuku

Sharti usimpe maziwa, na gauni langu la harusi unalifua wewe.

Kitasa Kibovu

Jamani huu ni uzi WANGU. Saa nane usiku! Nina mavi kwenye kidevu! Mtu ananiambia paka hufuata tumbo la mwenye nyumba, na hakuna hata mmoja hapa aliyesema "pole"?

Sindano Butu

Pole mkuu. Kesho mpime tena uzito, saa ile ile.

Bundi Mstaafu

Pole. Ukuta, huwa anaanza na cha kushoto au cha kulia?

Ukuta wa Jirani

Cha kushoto. Siku zote cha kushoto.

Pilipili Kichaa

Weka picha ya vya kulia vilivyobaki, mimi navaa namba 42.