Upepo wa alfajiri kwenye shairi langu umegoma, naombeni ushauri

Mtama_Mweupe: Heshima kwenu wakuu. Natunga tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) ya alfajiri ya Dodoma, mwezi wa saba. Inaanza: "Upepo mwenye hasira, milango yote avunja." Mizani, yaani silabi, ni nane kwa nane, nimehesabu. Ila nikighani hainiingii, na Jumamosi nasoma mbele za watu.

Nzuguni: Mizani haina tatizo, tatizo ni saa. Usiku ardhi ya huku inapoa haraka, hewa ya chini inapoa nayo na kutulia, upepo wa juu haushuki. Jua likishapasha ardhi ndipo hewa inachanganyika na upepo kushika kasi, saa tatu au nne huko. Alfajiri mpe usingizi:
"Upepo hajaamka, kajilaza kilimani,
Jua likishachomoka, ndipo hushuka kondeni."

Makole_Juu: "Hasira" peke yake haimfanyi mtu. Tashihisi, yaani kukipa kitu utu, hubebwa na kitenzi: apapase ukuta, ajifunike, akohoe vumbi. Na asibadilike ovyo. Ubeti huu mvunja milango, unaofuata mlezi, msikilizaji atampoteza.

Chamchela: Bora hata unahesabu mizani. Vijana wengi siku hizi wanakata mistari tu wanaita shairi.

Nzuguni: Kwani huyo upepo kakasirikia nini?

Mtama_Mweupe: ... Ni mume wangu. Aliondoka alfajiri, mlango akauacha wazi. Hasira siitoi, na kibwagizo nimeshakitunga.

Chamchela: Hii chai. Muda wote ni upepo, mara mume katokea!

Makole_Juu: Chai au si chai, kazi imebadilika. Huyo si upepo aliyepewa utu tena, ni mtu aliyefichwa ndani ya upepo, hiyo ni istiara. Dada, ubeti wa pili tia kitu kimoja ambacho upepo hauna, mfano ufunguo. Kimoja tu, vikizidi, fumbo limefumbuka.

Nzuguni: Na utulivu wa alfajiri usiuache. Nje hata jani la mzabibu halitikisiki, halafu mlango unapiga. Msikilizaji mwenyewe atajiuliza nani kaupiga.

Mtama_Mweupe: Kibwagizo sikigusi. Ila mwanzo naweka: "Majani yametulia, mlango wapigapiga."

Makole_Juu: Nane kwa nane, sawa. Utao, kile kipande cha pili cha mstari, una kina cha "ga": bwaga, mwaga, aga. Usiingize "jenga" wala "funga", hizo ni "nga", kina kitakuwa kimevunjika.