Tupeane uzoefu: mapu uliyoitengeneza ya gemu ya Warcraft III iliwahi kuvuja memori (kuacha vitu bila kuvifuta) ikakuaibisha?

fundi_triga: Wakuu, jana nimekutana na flashi ya zamani imejaa mapu za World Editor (programu ya kutengenezea mapu za gemu hiyo), zile za kujenga minara maadui wanakuja kwa mawimbi. Nikafungua moja. Mwanzo tamu, mbele huko inaanza kukwamakwama, na ukitoka kwenye gemu kioo kinabaki cheusi mpaka unaweza kwenda kununua vocha ukarudi. Nani mwingine yalimkuta?

Kibao Kata: Hiyo ya kuchelewa kutoka ndo dalili yenyewe. Gemu inahangaika kufagia vitu vyote ambavyo triga (amri za mapu) zilitengeneza zikaviacha.

dada_minara: Ngoja niwape yangu. Mwenye saiba ya mtaani aliandaa mashindano, kila timu inatoa hela, na mapu ni yetu, mi nimechora ardhi mwenzangu kaandika triga. Sasa kuna shujaa ana pawa ya kusukuma maadui, triga yake inajirudia kila sekunde 0.03, kila ikijirudia inauliza yuniti (adui mmoja) iko wapi inapata pointi, yaani alama ya mahali kwenye mapu, halafu inatengeneza pointi nyingine ya kuisogeza. Pigeni hesabu wenyewe, mara 2000 kwa dakika, pointi mbili kila mara, kwa yuniti moja tu, na hakuna inayofutwa!! Fainali imefika patamu watu wamesimama juu ya viti, gemu ikaanza kwenda kama picha za mnato, mwenye saiba akadhani ni virusi akaizima kompyuta moja kwenye soketi. Na huyo aliyezimiwa ndo alikuwa anaongoza. Weee! Kiti kilirushwa, kibodi ikaning'inia kwa waya, mi nikatokea mlango wa nyuma, mwenzangu alibanwa mpaka usiku anawaelezea watu wazima pointi ni kitu gani.

Mzee wa Lani: 😂😂😂 hela walirudishiwa?

Kibao Kata: Na mimi nasubiri kujua ya hela.

dada_minara: Mnauliza hela badala ya kumuuliza mwenzangu alitokaje.

jass_tupu: Ndo madhara ya GUI hayo, kuunda triga kwa kubofya menyu. Andika JASS, lugha ya kodi ya gemu, tumia GetUnitX na GetUnitY zinazokupa mahali kwa namba, namba za kawaida hazivuji. Pointi za nini?

fundi_triga: Acha dharau kaka. GUI hiyohiyo unaweka pointi kwenye variabo (jina la kuhifadhia kitu), unaitumia, ukimaliza unaongeza Custom script: call RemoveLocation(udg_pointi). Mstari mmoja. Angalia tu herufi kubwa na ndogo.

jass_tupu: Mstari mmoja kwa kila pointi, katika triga 200. Kazi njema.

Mzee wa Lani: Mnajitesa, ongezeni RAM.

Kibao Kata: Mzee, Warcraft III ya 2002 ni programu ya biti 32, hata ukiweka giga 64 haiwezi kuzitumia zote. Na kwenye LAN (kompyuta zilizounganishwa pamoja) kila kompyuta inapiga hesabu zote za gemu, kwa hiyo ile mbovu kuliko zote ndo inawachelewesha wenzake.

Pwani Mbili: Kwangu vilikuwa vikundi. Amri ya "Pick every unit" (chagua kila yuniti) inaacha kikundi kila ikiitwa. Weka set bj_wantDestroyGroup = true mstari wa juu yake kabisa ili kikundi kifutwe. Na kuna efekti, watu wanaunda moto na moshi hawaiti DestroyEffect.

mgeni_rasmi: Mi nilisoma kama hivi nikaambiwa futa kila kitu, nikafuta na kundi la wachezaji wote. Tangu hapo hakuna ujumbe hata mmoja unaotokea kwenye skrini, mapu imekuwa bubu.

fundi_triga: Hahaha pole sana. Lile la All players limetengenezwa mara moja na gemu yenyewe, haliguswi. Playable map area nayo usiiguse, haivuji. Ila Entire map inaunda eneo jipya kila ukiitaja.

jass_tupu: Na mkiandika local za handle (variabo za ndani ya fankshen zinazoshika vitu kama pointi) ziwekeni null, yaani tupu, mwisho wa fankshen, hata kama mmeshafuta kitu chenyewe. Mkiacha, namba yake hairudi kutumika.

Pwani Mbili: Hiyo ni ya wenye muda, mi sijawahi na mapu zangu zinachezeka.

jass_tupu: Zinachezeka dakika ngapi?

mgeni_rasmi: Samahani wakuu, mi naweka pointi kwenye variabo, halafu Wait sekunde 2, halafu ndo nafuta. Mbona mashujaa wawili wakipiga pawa pamoja mmoja anatupwa katikati ya mapu?

fundi_triga: Variabo ya udg (unayoiunda kwenye World Editor) ni moja kwa wote. Wa pili anaandika juu ya pointi ya wa kwanza, ya kwanza inavuja, ya pili inafutwa mapema. Toa hiyo Wait, au kila shujaa awe na sehemu yake kwenye array (variabo yenye nafasi nyingi).

Mzee wa Lani: dada_minara, bado hujajibu ya hela.

dada_minara: Mwenye saiba alisema zimetumika kununua kibodi.