Kipimo cha flu cha haraka hapa Mombasa, kiko ama ni stori?

BintiWaBondeni

Asalaam aleikum wana jukwaa. Mamangu karudi umra wiki jana, na tangu juzi jioni ana homa, kikohozi kikavu, mwili wote wamuuma mpaka asema hata nywele zauma. Ana sukari na sitini na tano kashaipita. Tukampeleka kliniki moja hapa karibu, wakamtoboa kidole wakapima malaria, haiko, basi hesabu yao ikaishia hapo, "ni infekshen tu mama", tukapewa antibiotiki na piritoni tukarudi nyumbani. Nikamuuliza yule kijana wa pale infekshen gani, akanitazama kana kwamba nimemuuliza namba ya siri ya Mpesa yake.

Sasa swali langu, kwani hakuna kipimo cha flu kama kile cha malaria ama kile cha covid cha kutia pamba puani, dakika kumi na tano ushajua? Mtandaoni naona vyauzwa lakini ni boksi zima la 25, na mie sifungui maabara, nataka kimoja tu. Na kikipatikana chaaminika ama ni kutupa pesa?

Mwana_Likoni

Aleikum salaam, pole ya mama. Tangawizi, ndimu, asali, apumzike, flu huisha yenyewe bana. Ila uliza pia mambo ya mbu, ile chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018 ilianza hivohivo, homa na viungo, watu hapa mjini walikuwa wanashuka ngazi kwa makalio. Malaria ikitoka hapana si lazima iwe flu.

FundiMaabara

Pole dada. Mimi niko maabara (yangu ni ya binafsi, msinitafute inbox kuuliza ni wapi). Kipimo kiko, si stori, na kinafanya kazi kama kile cha covid, ndani ya ule ukanda kuna antibodi zimeshikana na chembe za rangi, zinanasa protini fulani ya kirusi yaitwa nukleoprotini, virusi vikiwa vya kutosha mstari watokea, A ama B (ndo aina mbili za flu), dakika 10 mpaka 15 umemaliza. Hakikwambii zaidi ya hapo, yani A yako ni ya kijamii gani, H1N1 ama H3N2, hutajua.

Shida iko hapo kwa "vya kutosha". Ukichukua watu 100 ambao kwa kweli wana flu, hivi vya ukanda kwa kawaida vitawashika kama 50 mpaka 70 hivi, waliobaki wanaambiwa hawana na wanayo. Upande wa pili viko vizuri, asiye na flu mara chache sana ataambiwa anayo, kwa hivyo mstari ukitokea amini, usipotokea usiapie. Hata Marekani ile FDA yao, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba, ilikaza masharti mwaka wa 2017, vile vilivyokuwa dhaifu sana vikalazimika kutoka sokoni.

Alafu mambo ambayo boksi halikuelezi vizuri. Mtoto hutoa virusi vingi puani, mtu mzima wa umri wa mama hutoa vichache, kwa hivyo kwa mtoto wa madrasa kipimo hiki kitakuwa kizuri kuliko kwa bibi yake. Siku nazo zinahesabika, siku tatu nne za kwanza ndo pua imejaa, ukija siku ya saba umechelewa. Na swabu yenyewe, ile pamba ya puani, jamani, watu wanagusa tu mlangoni mwa pua wanaogopa mgonjwa apige chafya, hapo umepima hewa.

Kuna aina ya pili ni ya molekuli, inatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe si protini, kama PCR lakini ya haraka, dakika 15 mpaka 30 nyingine zapita kidogo, na katika hao 100 itashika 90 na kitu. Lakini inataka mashine. GeneXpert ile ya kupima TB mnayoisikia hospitalini, kampuni yake ina katriji moja (kikasha cha kutia sampuli ndani ya mashine) inayopima flu A, flu B, covid na RSV, kirusi kingine cha kifua, kwa pamoja, mashine ni ileile ya TB. Kwa hivyo ukienda hospitali usiulize "muna mashine?", uliza "muna katriji ya flu?" maana pesa yote iko kwa katriji.

NesiKisauni

Dada mimi ntakwambia kitu kimoja, kwa mama huyu usikae kungoja kipimo. Sukari, umri, kikohozi, homa siku ya pili. Iko dawa ya flu yaitwa oseltamivir, na faida yake kubwa ni ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa watu kama yeye, na wajawazito na watoto wadogo, daktari akishuku flu anaanzisha dawa bila kungoja jibu, na hicho kipimo cha ukanda kikisema hapana bado hakimzuii. Saa zako zinakwenda wewe wahangaika na boksi la 25.

Pia ukifika mwambie daktari WAZI kwamba katoka Saudia, usingoje aulize. Mara nyingi huwa ni flu ya kawaida ya msongamano wa watu, lakini kule kuna MERS, ugonjwa mkali wa mapafu wa kirusi cha ngamia, na wao wanatakiwa kuifikiria, wanafaa kujua alikokuwa na kama alikaribia ngamia. Na bruf na diklofenaki msimpe mpaka dengi, ile homa nyingine ya mbu, iondolewe kwa hesabu, Panadol yatosha. Mpimeni sukari, homa huipandisha. Akihema kwa shida, kifua kikambana ama akianza kuchanganyikiwa maneno, hapo ni emajensi, usiku ama mchana.

Na ile antibiotiki, haiui kirusi. Haina maana haitahitajika, flu yaweza kufuatwa na nimonia ya bakteria, lakini hiyo ni ya daktari kusikiliza kifua si ya kupeana mlangoni.

Baharia_wa_Mtongwe

Sasa mimi sielewi. Kikisema hapana hakiaminiki, kikisema ndio mama ashaanzishwa dawa, sasa hicho kipimo cha nini? Biashara tu.

FundiMaabara

@Baharia hoja yako nzuri, na kwa huyu mama uko karibu na ukweli. Lakini mfikirie kijana wa miaka ishirini na tano mzima wa afya, mstari wa A ukitokea mbele ya macho yake hatokubali kuuziwa antibiotiki ya siku saba, na yule wa kemisti pia ataona haya. Mabweni ya shule, watoto kumi wanakohoa, ukipima watano na watatu wakatoka na mstari, ushajua ni nini kimeingia na unatenga watu leoleo, huhitaji kila kipimo kiwe sahihi kujua hilo. Wodini vilevile.

Kitu kingine, Ulaya daktari akiona ni Januari ashajua nusu ya jibu, baridi na flu huja pamoja. Sisi hapa flu iko mwaka mzima, yapanda yashuka, na imechanganyika na malaria, dengi na covid ambazo zote zaanza na homa. Ndio maana kipimo cha bei nafuu kingetufaa sisi kuliko wao, na ndio sisi hatuna. Swabu za uchunguzi zachukuliwa, hospitali kuu ya Pwani imekuwa moja ya vituo vya nchi vya kufuatilia flu, lakini hiyo ni kujua kirusi gani kinazunguka, jibu haliji haraka likamsaidia aliyelala kitandani.

BintiWaBondeni

Nimerudi kuwapa habari. Baada ya NesiKisauni kuandika sikulala, alfajiri tushatoka. Daktari aliposikia sukari na umra hakungoja, kasikiliza kifua, oksijeni ya damu asilimia 96, oseltamivir imeanza leo na swabu imekwenda PCR. Kipimo cha ukanda hawana, katriji nimeuliza vile FundiMaabara alivosema, wakaniambia "ziliisha". Jibu likija ntawaambia.

Mwana_Likoni

Alhamdulillahi. FundiMaabara, tukichanga mtaani tukanunua hilo boksi la 25, tunaeka wapi? Friji ya duka letu imejaa soda.

FundiMaabara

Vingi vyakaa nyuzi 2 mpaka 30, soma boksi lako, kwa hivyo rafu ya ndani penye kivuli yafaa, lakini si kwa dashibodi ya matatu na si dukani chini ya mabati mchana wa Februari. Ukitoa kwa friji kiache kwanza kipate joto la chumba. Weka saa, soma kwa dakika zilizoandikwa, mstari uliotokea baada ya nusu saa si jibu. Mstari wa C, ule wa kuonyesha kipimo chenyewe kimefanya kazi, usipotokea kabisa, tupa, anza na kingine. Na angalieni tarehe ya mwisho kabla ya kulipa, hivyo vya bei ya chini sana mtandaoni huwa vimebakisha wiki mbili.