Moksha ni ya nani? Moto wa Manikarnika na watu wasioguswa

Mtoa mada
Wadau, habari za jioni. Leo naleta hoja nzito kidogo, mwenye haraka apite tu.

Kwa ambao hawajakutana na jambo hili: Wahindu wanasema roho haifi. Ukifa unazaliwa tena, na utazaliwa wapi inategemea matendo yako, ndiyo hiyo karma. Mzunguko huo wanauita samsara, na hauna raha hata ukizaliwa mfalme, maana mfalme naye atakufa aanze upya. Kutoka humo moja kwa moja ndiyo moksha. Neno lenyewe kwa Kisanskriti linatokana na kufungua, kama unavyomfungua ng'ombe kamba.

Sasa huko India kuna mji wa Varanasi, wenyeji wanauita Kashi. Inaaminika anayefia humo anafunguliwa papo hapo, hata awe mwizi. Mungu wao Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni maneno ya kumvusha. Watu huja kutoka mbali kusubiri kufa pale, na kuna nyumba maalumu za kuwapokea. Maiti huchomwa kwenye ngazi za Manikarnika, ukingoni mwa mto Ganga, na moto wa kuchomea unatunzwa na koo za Wadom. Mfiwa haji na kiberiti chake. Moto anauchukua kwa Mdom, na analipa.

Wadom ni nani? Ni watu wa chini kabisa katika matabaka, ambao kwa karne nyingi Mbrahmani, mtu wa tabaka la juu la makuhani, akiguswa nao alikwenda kuoga.

Yaani aliyeshika ufunguo ndiye anayelazwa nje. Ndiyo maana nasema moksha ni dawa ya usingizi waliyopewa wanyonge: wewe beba mavi ya wenzako kimya kimya, safari ijayo utazaliwa pazuri. Nipingeni.

Fundi Saa
Sikupingi, nakuongezea. Ambedkar, yule aliyeongoza uandishi wa katiba ya India, alizaliwa 1891 katika tabaka la Wamahar, wasioguswa. Mwaka 1927 aliongoza watu wake kule Mahad kwenda kunywa maji ya bwawa la umma. Maji tu! Ng'ombe walikuwa wanakunywa pale, wao hawaruhusiwi. Desemba 25 mwaka huohuo wakaichoma hadharani Manusmriti, kitabu cha sheria za matabaka. Na Oktoba 14, 1956, mjini Nagpur, akahamia dini ya Buddha pamoja na malaki ya watu. Hakungoja maisha yajayo. Aliitaka kamba ikatwe hapahapa.

Mwanabaraza
Mtoa mada, umechanganya nyumba na wapangaji.

Kwenye Upanishadi ya Chandogya, andiko la kale la Kihindu, kuna baba anaitwa Uddalaka, mwanawe Shvetaketu amerudi masomoni kavimba kichwa. Baba anamwambia tia chumvi kwenye maji, uniletee kesho. Asubuhi anamwambia nitolee ile chumvi. Haipo. Haya, onja juu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini. Chumvi. Basi ndivyo uhalisi ulivyoenea kila mahali bila kuonekana, "na wewe ndiye huo." Sasa chumvi hiyo ina tabaka?

Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8 hivi, ndiye aliyelisimamia hilo mpaka mwisho. Kwake moksha si mahali pa kwenda. Ni kujua kwamba roho yako na uhalisi mkuu havikuwahi kuwa viwili. Ukijua, umefunguliwa ukiwa hai, unakula ugali wako kama kawaida. Inasimuliwa kwamba siku moja kulekule Kashi alikutana njiani na mtu wa tabaka la wasioguswa, ana mbwa wanne. Shankara akamwambia ondoka, ondoka. Yule akamuuliza: unaufukuza mwili uondoke mbele ya mwili, au roho iondoke mbele ya roho? Shankara akainama, akamkubali kuwa mwalimu wake.

Mtoa mada
Mwanabaraza, hadithi tamu, ila ni hadithi. Kalamu ya Shankara mwenyewe, kwenye ufafanuzi wake wa kitabu cha Brahmasutra, inasema Shudra, mtu wa tabaka la watumishi, hana haki ya kujifunza Veda, yale maandiko matakatifu, na inanukuu kanuni kwamba Shudra anayesikiliza Veda amiminiwe madini ya risasi yaliyoyeyushwa masikioni. Kama elimu ndiyo inayofungua na wewe umeziba masikio ya watu, umewaacha wapi?

Pwani Usiku
Nimeona Moksha nikasoma mochwari. Naendelea kufuatilia.

Mwanabaraza
Mkuu, hapo umenibana, sitakimbia. Ni kweli ameandika. Lakini malizia kusoma: palepale anakubali kwamba Shudra anaweza kuipata elimu hiyo kupitia masimulizi ya kale na tenzi kubwa, na anawataja waliofika. Mmoja ni mchinjaji, muuza nyama wa Mithila, kwenye utenzi wa Mahabharata. Mbrahmani aliyejiona ametakasika alitumwa kwa huyo mchinjaji akafundishwe, akamkuta anapima nyama.

Fundi Saa
Kwa hiyo mlango wa uani. Asante sana.

Mwanabaraza
Mlango wa uani, ndiyo. Ila aliyeingia kwa uani naye yumo ndani.

Binti Chuda
Kaka zangu, mnazungumza kama watu waliokaa maktaba. Mimi ni Baniani wa Tanga, nimezaliwa Tanga, mama yangu kazaliwa Tanga. Niwaambie inavyokuwa nyumbani.

Bibi yangu hakuwahi kumsoma Shankara. Alikuwa na kijichungu cha shaba, kidogo, kimezibwa juu kwa lehemu, ndani maji ya Ganga aliyoletewa na ndugu kutoka India kabla mimi sijazaliwa. Kilikaa kabatini nyuma ya kanga. Hakikuguswa. Siku alipozidiwa, mjomba alikifungua kwa bisibisi, mkono unamtetemeka, na mama akamtia bibi matone mdomoni pamoja na jani la tulsi, hii mnayoiita kivumbasi kitakatifu. Hiyo ndiyo Kashi yetu sisi tulio mbali: mto unakuja kwako.

Na hiyo habari ya kuyeyuka kama chumvi, bibi hakuitaka kabisa. Waja wana msemo wao: nataka kuonja sukari, sitaki kuwa sukari. Yeye alitaka kufika kwa Mungu wake akae naye, amwone, amwimbie. Mwanafalsafa Ramanuja alikwishalitetea hilo tangu karne ya 11 na 12, kwamba roho haipotei ndani ya Mungu na kwamba kinachofungua ni mapenzi na rehema. Kwa njia hiyo huhitaji ruhusa ya kusoma Veda. Unahitaji kupenda tu.

Kuhusu matabaka sitadanganya. Babu zetu walivuka bahari nayo kwenye masanduku. Huku Afrika Mashariki Walohana wana ukumbi wao, Wapatel wao, na posa mpaka leo inaulizwa ukoo.

Mfumaji
Ajabu hakuna aliyemtaja Kabir, na mnaongelea Kashi!

Kabir alikuwa mfuma nguo wa Kashi, karne ya 15, kalelewa nyumba ya Waislamu, mashairi yake yanawachapa makuhani wa Kihindu na mamulla kwa fimbo moja. Maisha yote yuko mji mtakatifu. Alipokaribia kufa akahama. Akaenda Maghar, mji ambao watu walisema ukifia pale unazaliwa punda. Akasema kama ni Kashi ndiyo inayookoa, basi Mungu ana kazi gani? Mpaka leo Maghar pana kaburi lake la Kiislamu na hekalu lake la Kihindu, bega kwa bega.

Na Kashi hiyohiyo ilikuwa na Ravidas, mtu wa ngozi na viatu. Tabaka lisiloguswa. Ana shairi la mji wa Begumpura, mji usio na huzuni: hakuna kodi, hakuna hofu, hakuna raia wa daraja la pili wala la tatu, mtu anatembea anakotaka. Mtoa mada unasema moksha wamepewa wanyonge kama dawa ya usingizi. Huyu mnyonge hakupewa na mtu. Kajitwalia, na akaigeuza mpaka ikawa na mitaa na watu wanaotembea. Tatizo lako unaiangalia moksha kwa macho ya Wabrahmani halafu unawalaumu Wabrahmani.

Fundi Saa
Mfumaji, nakuheshimu kwa hilo. Ila mfikirie na Chokhamela, Mmahar wa karne ya 14. Mtakatifu, tenzi zake zinaimbwa hadi leo. Hakuruhusiwa kuingia hekalu la Pandharpur alilolitungia nyimbo. Mifupa yake ilizikwa nje, chini ya ngazi za mlango. Kwa nyimbo wanasema amefunguliwa. Kwa miguu hakuvuka kizingiti.

Na niseme jambo linaloniumiza mimi mwenyewe: Ambedkar kitabu chake cha 1948 kuhusu watu wasioguswa alikitabaruku kwa Nandnar, Ravidas na huyo Chokhamela. Watakatifu watatu. Kwa hiyo hata yeye hakuwatupa.

Mwanabaraza
Na alikohamia nako wanatafuta kufunguliwa, Fundi. Hakuiacha kiu, alibadili kisima.

Mtoa mada
Sawa. "Dawa ya usingizi" naifuta, Mfumaji amenishika. Watu waliolala hawatungi Begumpura. Lakini moto wa Manikarnika siufuti. Mdom bado yuko pale na makaa yake, tajiri na maskini wanapita mkononi mwake kwenda kufunguliwa, na watoto wake wakienda shule watu wanajua ni wa nani. Anayeniambia hiyo ni sawa kwa sababu roho haina tabaka, aende akae naye wiki moja.

Dada Binti Chuda, samahani kama nauliza vibaya. Bibi yako nani aliwasha moto?

Binti Chuda
Hujauliza vibaya. Kaka yangu mkubwa. Kwa kiberiti cha dukani, sisi hatuna Wadom Tanga.

Kuni zilipangwa na mzee mmoja Mdigo, Mwislamu, ile ndiyo ilikuwa kazi yake pale, amewapangia babu zangu wote. Alikuwa anajua mti upi uwekwe chini, upi juu, na upepo wa bahari unavuma kutoka wapi saa kumi jioni. Kaka alikuwa analia hawezi, mzee akamshika mkono akauelekeza.

Tulipomaliza tukampa chai. Kikombe chake kilikuwa cha bati, kinakaa dirishani upande wa nje, hakuna mwingine anayekinywea. Nimekiona miaka yote. Ndiyo kwanza leo najiuliza kwa nini kilikuwa nje.