Mama na ndugu zangu ni akina nani? Malipo ya korosho, mjomba, na "baba wa kiroho"

Mleta hoja, Masasi

Bwana Yesu asifiwe. Jambo hili limetugawa hapa kwetu tangu malipo ya korosho ya msimu uliopita yaingie, na nimechoka kulisikia likinong'onwa uani. Naliweka mezani.

Yupo kijana ninayemlea kiimani, mzaliwa wa Newala. Fedha zake za mnada zilipoingia benki, kiongozi wa huduma anakosali jioni, ambaye vijana humwita baba wa kiroho, alimwambia kwamba malipo ya kwanza ni malimbuko, yote ni ya Bwana. Kijana akatoa yote. Mama yake mzazi, ambaye ni Mwislamu kama ilivyo nusu ya ukoo wao, alikuwa mgonjwa tangu katikati ya mwaka. Ili apate matibabu alikwisha kuuza korosho zake zikingali maua, kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa mitaani nje ya mnada, hivyo msimu ulipofika mavuno yake yalikuwa mali ya mtu mwingine. Alibaki akimsubiri mwanawe. Mjomba alipotuma ujumbe kuuliza, kijana alijibu kwa mstari mmoja wa Marko 3: "Mama yangu na ndugu zangu ni akina nani?" Mjomba hakuandika tena.

Kwa wasio wa huku: Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kumjibu mjomba hivyo ni kujitoa kwenye ukoo.

Msimamo wangu ni kwamba mstari ule umetumika kinyume na Yesu mwenyewe. Rudini nyuma kidogo, mstari wa 21 wa sura ileile. Jamaa zake walitoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili. Wanapofika na kusimama nje wakimwita, wamekuja kumwondoa kwenye kazi ya Baba yake. Hicho ndicho alichokikataa. Hakuna aliyekuja kumwomba dawa ya mama yake akaambiwa "mama ni nani?" Na Marko huyohuyo, sura ya 7, anatuonyesha Yesu akiwakemea waliomwambia mzazi, "kile ambacho ungefaidiwa nacho kwangu ni Korbani," yaani kimewekwa wakfu. Anasema wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Badilisha Korbani weka malimbuko, una habari ya Newala nzima.

Tena sikilizeni anavyowataja: ndugu yangu, na umbu langu, na mama yangu. Umbu, neno ambalo vijana hawalisemi siku hizi, ni ndugu wa jinsia nyingine. Kwetu sisi, watoto wa umbu lako ndio watakaokuita mjomba. Nikilisoma neno hilo naona Yesu akituongezea watu wa kuwalea, na sioni aliyepunguzwa. Lakini baba hakumtaja. Nafasi ile ameiacha kwa Mungu, na Mathayo 23:9 analisema wazi, msimwite mtu baba duniani. Kwa hiyo naona asiwepo kabisa mtu wa kuitwa baba wa kiroho.

Kijana, Mtwara mjini

Shikamoo mzee. Nakuheshimu, ila umerahisisha. Luka 14:26 inasema asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi. Luka 9, mtu aliomba ruhusa akamzike baba yake kwanza, akaambiwa waache wafu wazike wafu wao. Maneno hayo nayo ni ya Yesu. Na Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye ndiye aliyewazaa katika Kristo kwa Injili. Huo si ubaba?

Mimi mwaka juzi mjomba alinitaka nichangie unyago wa mpwa wangu, na uraka, pombe ya mabibo, wa kunywewa usiku kucha juu yake. Nilikataa. Wakaniita mtoro wa ukoo. Nisingekuwa na kanisa la kunishika mkono ningelegea. Mkisema mjomba asikilizwe, niambieni anasikilizwa mpaka wapi.

Dada, Lindi

Mnaizungumza familia ya kiroho kama somo. Mimi nililala kwenye kitanda chake. Nilipobatizwa nyumbani walinifungia mlango, na mama mmoja wa kanisani akanichukua, nikakaa kwake miaka miwili na ushee, nikila chungu kimoja na wanawe. Marko 10 inaahidi nyumba na ndugu na mama na mashamba "sasa wakati huu", na kwangu ilikuwa kweli kabisa. Kwa hiyo mzee, tafadhali usiishushe familia hiyo kwa kumtetea mjomba.

Lakini nimalizie. Mama yule, kila Idi, alinipa kilo mbili za sukari niwapelekee nyumbani. Mara ya kwanza niliiacha kizingitini. Mara ya pili mdogo wangu aliipokea. Mara ya tatu mama alifungua mwenyewe. Hajawa Mkristo na sijui kama atakuwa, ila nilimwuguza mwaka jana hadi akasimama. Mama wa kanisani hakuniambia hata siku moja kwamba yule si mama yangu.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Tusisahau mji huu wa Masasi Ukristo wake ulianzaje. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Alikusudia kufika Ziwa Nyasa, wakaishia hapa. Wengi wao walikuwa wamekatwa na koo zao, hawana mjomba wa kuwaita. Kwao kuambiwa "huyu ni ndugu yako" ilikuwa ndiyo nyumba pekee. Familia ya kiroho hapa iliwapokea waliokwisha kupoteza ndugu.

Kisha akaja Askofu Vincent Lucas, 1926 hadi 1944. Angeweza kupiga marufuku jando, kama wengine walivyotaka. Akachagua jando la Kikristo, wavulana wakaingia na sala, na wazee wakabaki na nafasi yao. Si kila mtu alifurahi, na hata leo yapo ya kwenye unyago ambayo nisingempeleka mjukuu wangu. Ila alikaa na wajomba wakapatana jambo.

Mleta hoja, Masasi

Marahaba mwanangu wa Mtwara. Kuhusu uraka, ulifanya sawa, na sikukuambia umtii mjomba kuliko Mungu. Matendo 5:29 ipo. Ninachokuuliza ni kama ulimkatalia usoni, ukiwa umeketi mkekani kwake, na ukachangia nguo ya mwali, au ulikata simu. Yesu alisema maneno yale makali, na mama yake bado alikuwapo msalabani, na pale alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Yakobo ndugu yake baadaye alikuwa nguzo ya kanisa la Yerusalemu.

Kuhusu ubaba nakubali umenisahihisha, nilikwenda mbali. Paulo alijiita baba. Lakini soma barua ya pili kwa haohao Wakorintho, 12:14: hatawalemea, kwa kuwa si watoto wanaowawekea akiba wazazi, ni wazazi wanaowawekea watoto. Mtu akitaka ubaba wa Paulo, auchukue na mstari huo. Aliyepokea malimbuko ya huyu kijana nimemwendea mara mbili, na fedha hazijarudi.

Dada, sukari yako imenikalisha kimya jioni nzima. Samahani kama nilionekana kuishusha nyumba iliyokulea.

Hapa tumechangishana, imepatikana ya hospitali na kidogo ya kuigomboa korosho ya mama mikononi mwa yule wa kangomba, kama atakubali. Jumamosi tunapanda Newala, mimi na kijana. Ana hofu. Ameniomba nimsemee mbele ya mjomba. Nyie mnaozijua desturi, nianze mimi au aanze yeye?

Dada, Lindi

Mwache aanze mwenyewe, mzee. Apite kwa mama kwanza, ndipo aende kwa mjomba. Na asianze na mstari.