Naomba ushauri: mkono wa mama umevimba baada ya kuondolewa tezi za kwapa
Ndugu zangu, mama yangu, mkulima wa alizeti wilayani Kongwa, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi mwaka jana na kuondolewa tezi za limfu (majimaji ya mwili yanayorudi kwenye damu kwa mishipa yake) za kwapa la kushoto. Sasa mkono huo umevimba hata bangili haipiti. Daktari alitueleza kwamba limfu haina moyo wa kuisukuma, bali husogezwa na mikazo ya mishipa yake na ya misuli, huku vali (vilango vya ndani ya mishipa hiyo) zikiizuia kurudi nyuma, hadi imwagike kwenye vena karibu na shingo. Njia ikikatwa, maji hubaki mkononi. Majirani wanasema ni matende, jambo nisilolikubali. Je, aendelee kushika jembe? Na aliyewahi kuvaa soksi ya kubana mkono katika jua letu la Dodoma aliivumiliaje?