Mrejesho: Kichwa kilichokuwa kinaniuma kila siku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ndiye yule mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa 3 niliyeuliza kwa nini kichwa hakiachi kuuma hata nikimeza dawa. Wengi mlisema nikapime macho. Nilipima, yako sawa.

Dada mmoja mfamasia kati yenu ndiye aliyenigusa, aliponiuliza: "Kwa mwezi unameza siku ngapi?" Nikamwaga mkoba kitandani, nikahesabu pakiti tupu. Siku 22! Parasetamo asubuhi, diklofenaki usiku, mara nyingi tumbo tupu. Nikaenda hospitali. Daktari akanieleza kuwa ukimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa zenyewe zinaweza kukuletea maumivu ya kichwa. Nilikuwa na kiungulia pia; akasema diklofenaki huchubua tumbo. Akanipa omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na kuniachisha parasetamo na diklofenaki.

Wiki ya kwanza nililia, wapendwa. Kichwa kilizidi, nikatapika, usingizi hakuna. Sasa ni wiki ya 6, kimeuma mara mbili tu.

Kinachonisumbua ni hosteli yetu. Juzi mwenzangu wa chumba alikuwa na mafua, akameza vidonge vya mafua na parasetamo juu yake. Nikamwonyesha maandishi ya pakiti: vile vya mafua vina parasetamo ndani, na mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku. Alinyamaza, akavirudisha kabatini.

Dada mfamasia, Mungu akubariki sana.